Je, Wajua? Huanshi Zhonglu, Barabara Ambako Mgeni Hupata Asili Mpya

Muulize mfanyabiashara wa Kariakoo, Kikuubo au Eastleigh mzigo wake umetoka wapi. Atajibu China. Ukimbana kidogo atataja Guangzhou, na ukizidi kumbana utasikia jina la Xiaobei, kituo cha treni ya chini ya ardhi kilichopo Huanshi Zhonglu. Habari za mizigo ya huko zimesimuliwa sana. Za watu ni tamu zaidi, kwa sababu barabara hii inaonyesha waziwazi jinsi taifa na kabila vinavyotengenezwa mtu akiwa mbali na kwao.

Bara zima kwenye namba 300

Jengo la Tianxiu, lililopo namba 300 Huanshi Zhonglu, lina ghorofa zaidi ya 30, na kwa miaka mingi limepokea wafanyabiashara wengi wa Kiafrika kuliko majengo mengi ya China. Chini kuna maduka ya jumla yenye jinzi, viatu, vipodozi, nywele za bandia na simu. Juu kuna ofisi za mawakala wa mizigo na vyumba vya kuishi. Lifti ikifunguka anatoka Mmali, Mkongo, Myemeni na Mtanzania, watu ambao huko kwao huenda wasingekutana maisha yao yote. Utambulisho mpya huanza hivyo, watu wasiojuana wakikaa chini ya paa moja na kutafuta riziki ileile.

Safari ilianzia Bangkok, si Afrika

Wengi wa Waafrika wa mwanzo kuweka kambi Guangzhou hawakutoka moja kwa moja nyumbani. Walikuwa tayari Bangkok, Jakarta na Hong Kong, wakinunua na kusafirisha. Mtikisiko wa fedha wa Asia wa 1997 ulipoyumbisha biashara zao huko, wakaifuata bidhaa ilikotengenezwa, yaani viwanda vya mkoa wa Guangdong. China ilipojiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001, waliotangulia walishajua njia, wakawavuta ndugu na majirani. Jumuiya nyingi za wahamiaji duniani zimekua kwa mtindo huo: mmoja anajua duka, wa pili anamfuata, wa kumi anakuta tayari kuna mama anayepika ugali.

Unaondoka Msukuma, unashuka Mtanzania, unatembea Mwafrika

Hiki ndicho kisa kinachonivutia kuliko vyote. Mtu akiwa Mwanza ni Msukuma, na huenda akataja hata ukoo wake. Uwanja wa ndege wa Guangzhou hauna habari na Usukuma. Ofisa wa uhamiaji anataka pasipoti na viza, na kuanzia dakika hiyo mtu ni Mtanzania kuliko alivyowahi kuwa maishani. Chini ya sheria ya China ya uingiaji na utokaji iliyoanza kutumika Julai 1, 2013, mgeni asiyelala hotelini anatakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24. Kwenye fomu ile kuna nafasi ya uraia. Ya kabila hakuna.

Matokeo yake yanashangaza. Jumuiya zilizoundwa Guangzhou zilijipanga kwa pasipoti: Wanaijeria wakawa na jumuiya yao na rais wao, Waghana vivyo hivyo, na Wamali na Waguinea nao. Fikiria Wanaijeria. Wengi wao Guangzhou ni Waigbo, watu ambao wazee wao walipigana vita vya Biafra kuanzia 1967 hadi 1970 ili wajitenge na Naijeria. Guangzhou, watoto na wajukuu wa kizazi kile wakachagua viongozi na kuketi na polisi kwa jina la Naijeria, kwa sababu jina hilo ndilo lenye ubalozi nyuma yake.

Akitoka ofisini na kuingia mtaani, mambo hubadilika tena. Muuza duka wa Kichina hatofautishi Mtanzania na Mtogo. Kwake wote ni Waafrika. Madereva wa teksi waliwahi kuliita eneo hili Mji wa Chokoleti, jina ambalo wengi wa waliobandikwa hawakulipenda. Basi mtu yuleyule ana majina matatu kwa siku moja: la kabila kwenye simu na mama yake, la taifa kwenye ofisi ya serikali, na la bara zima dukani. Wataalamu wa jamii wamejaza makabati kwa vitabu kuhusu jambo hili, na Xiaobei unaliona kabla ya chai ya saa nne.

Kiswahili kinavuka kaunta

Wanaozungumza Kiswahili Guangzhou hawatoki nchi moja. Kuna Watanzania, Wakenya, Waganda, Warundi na Wakongo wa Lubumbashi na Bukavu. Lugha hiyo inawapa ukaribu ambao pasipoti haiutoi: Mkongo wa Katanga anaweza kuona raha zaidi kukaa na Mtanzania kuliko na Mkongo mwenzake wa Kinshasa anayezungumza Kilingala. Uganda na Tanzania zote zina konseli kuu Guangzhou, lakini nani anakula na nani jioni ni suala la lugha na mapishi.

Kalkuleta ilizungumza kabla ya watu

Adams Bodomo, mwanaisimu mzaliwa wa Ghana aliyetoa kitabu kuhusu Waafrika walioko China mwaka 2012, alichunguza jinsi wafanyabiashara wasio na lugha ya pamoja wanavyoelewana sokoni. Aliona wanapatana kwa kalkuleta. Muuzaji anaandika 45, mnunuzi anafuta na kuandika 20, muuzaji anashika kichwa na kuandika 38, na mzozo unaendelea hadi wote wawili wanacheka. Bodomo aliupa mtindo huo hadhi ya mawasiliano kamili, na mimi namuunga mkono. Uhusiano kati ya mataifa mawili umejengwa hapo kwa namba na nyuso kabla ya neno moja kueleweka, na baadhi ya walioanza hivyo wakaishia kuwa washirika wa biashara, wengine hata mke na mume.

Mwenyeji naye ni mgeni

Je, wajua kwamba Mchina anayekuuzia mkoba pale Xiaobei mara nyingi si mtu wa Guangzhou? Wengi walitoka Hunan, Hubei, Jiangxi na mikoa mingine. Tangu 1958 China ina mfumo wa uandikishaji wa makazi uitwao hukou, unaomfunga raia na mahali alikoandikishwa. Kwa miaka mingi, mtu wa Hunan aliyehamia Guangzhou alikuta shule ya mtoto, matibabu na huduma nyingine za mji zimewekewa kikwazo na karatasi hiyo, ingawa hajavuka mpaka wowote wa nchi.

Hata lugha yao si ya mji. Wenyeji wa asili wanazungumza Kikantoni, tofauti na Kichina sanifu kiasi cha kutoelewana. Julai 2010, pendekezo la kuongeza vipindi vya Kichina sanifu kwenye televisheni ya Guangzhou liliwatoa watu barabarani kukitetea Kikantoni. Mwafrika anayejifunza Kichina kwenye duka la mtu wa Hunan anajifunza kile sanifu, na hivyo wote wawili wanakuwa wageni mbele ya bibi mzee anayeuza mboga kwa Kikantoni. Waafrika wengi wa Huanshi Zhonglu waliijua China kupitia wahamiaji wenzao. Ukilishika hilo, mengi mengine yanajieleza.

Waislamu wa kaskazini-magharibi na daraja la Kiarabu

Harufu ya nyama choma na tambi za kuvutwa kwa mkono pale Xiaobei inatokana na safari nyingine ndefu. Wahui, Waislamu wanaozungumza Kichina, walishuka kutoka Ningxia, Gansu na Qinghai wakafungua migahawa ya halali, na Wauighuri wa Xinjiang nao walikuwepo. Vijana wa Kihui waliosoma Kiarabu madrasa, wakiwemo wasichana wengi, waligeuka wakalimani wa Waarabu na Waafrika wa Kiislamu. Huko kwao Kiarabu kilikuwa cha dini tu. Guangzhou kikawa ajira. Mtu aliyehesabiwa wa pembeni katika nchi yake akawa katikati ya biashara ya dunia.

Wapigapicha wa darajani

Juu ya daraja la waenda kwa miguu la Xiaobei, wapigapicha wa Kichina waliotoka mikoa mingine walikuwa wakiwapiga Waafrika picha na kuwauzia papo hapo. Mpigapicha Mmarekani Daniel Traub alikutana nao, akaona thamani ya kazi yao, na baadhi ya picha hizo zikaingia katika kitabu chake kuhusu mtaa huo. Humo utaona suti zilizopigwa pasi, mabubu ya Kisenegali, wapenzi wawili wawili, na vijana waliosimama magari yakipita chini yao. Picha hizo zilitumwa nyumbani, na kila mmoja alichagua mwenyewe aonekane vipi. Sijui kumbukumbu bora zaidi ya watu wanaojitengeneza upya.

Namba zinazopishana

Waafrika wa Guangzhou ni wangapi? Bodomo alikadiria kufikia 100,000. Serikali ya mji ilipotoa hesabu mwaka 2014, wakati wa hofu ya Ebola, ilitaja takriban 16,000, na wakazi wa muda mrefu ni sehemu ndogo tu ya hao. Aprili 2020 mamlaka zikataja 4,553. Tofauti ina maelezo. Wengi huja kwa wiki mbili wakati wa Maonyesho ya Canton, yanayofanyika majira ya kuchipua na ya vuli tangu 1957, kisha huondoka. Masharti ya viza yalikaza. Baadaye ikaja korona.

Hiyo Aprili 2020 haitasahaulika kirahisi. Baada ya Wanaijeria kadhaa kukutwa na virusi, Waafrika wa mataifa mbalimbali walifukuzwa kwenye nyumba na hoteli, hata waliokuwa hawajasafiri kwa miezi. Aliyekuwa na viza safi na asiyekuwa nayo walilala nje pamoja. Mabalozi wa Afrika walioko Beijing waliandika barua ya pamoja ya malalamiko, na Umoja wa Afrika ukamwita balozi wa China. Bara ambalo ni nadra kuzungumza kwa sauti moja lilizungumza, na aliyelisukuma ni mwanafunzi na mfanyabiashara aliyekaa kando ya barabara na sanduku lake.

Raia wapya 1,448

Sensa ya China ya 2010 ilihesabu watu takriban bilioni 1.34. Waliozaliwa wageni kisha wakapewa uraia wa China walikuwa 1,448. Wote hao wangeenea kwenye kivuko cha Kigamboni, MV Magogoni, na nafasi ingebaki. Sensa ya 2020 ilionyesha wameongezeka hadi 16,595, kiasi ambacho bado ni tone.

Sheria ya uraia ya China ya 1980 haitambui uraia pacha, na kuzaliwa kwenye ardhi ya China pekee hakumfanyi mtoto wa wageni kuwa raia. Mtoto aliyezaliwa China na mzazi mmoja Mchina ni Mchina kisheria. Mtaani huwa na maswali zaidi. Mwaka 2009 Lou Jing, msichana wa Shanghai mwenye mama Mchina na baba Mmarekani mweusi, aliimba kwenye shindano la televisheni, na nchi nzima ikabishana kama ni Mchina kweli. Mwaka huohuo Ding Hui wa Hangzhou, ambaye baba yake anatoka Afrika Kusini, aliitwa timu ya taifa ya mpira wa wavu. Karatasi za wote wawili zilikuwa sawa. Kilichobishaniwa ni sura.

Tusiinyooshee China kidole peke yake. Kenya iliruhusu uraia pacha kwenye Katiba ya 2010, lakini Tanzania hairuhusu. Mtoto wa Mtanzania na Mchina akifikia utu uzima anakuta milango miwili, na kila mlango unamtaka aufunge mwingine.

Guangzhou ilishayaona haya miaka elfu iliyopita

Tangu enzi ya nasaba ya Tang, Guangzhou ilikuwa na mtaa wa wageni ulioitwa fanfang, ambako Waarabu na Waajemi walikaa chini ya mkuu wao wenyewe na kuhukumiana kwa desturi zao katika mambo mengi. Msikiti wa Huaisheng, wenye mnara mrefu wa duara, bado umesimama katika wilaya ya Yuexiu, wilaya hiyohiyo yenye Huanshi Zhonglu. Kipindi cha nasaba ya Song walikuwepo wageni waliozaliwa hapohapo, na wengine wa kizazi cha tano, na Wachina wakawa na majina maalumu ya kuwaita watu hao ambao hawakuwa wageni kamili wala wenyeji kamili.

Zhu Yu, mwandishi wa mwanzoni mwa karne ya 12, ameacha kisa kizuri. Kati ya 1086 na 1094, mtu wa fanfang mwenye jina la ukoo la Kichina, Liu, alimwoa binti wa ukoo wa kifalme na akapata hata cheo cha serikali. Hakuna aliyeshtuka hadi alipofariki bila mtoto. Ndugu wakagombania mali, wakamtuma mtu akapige ngoma ya malalamiko mbele ya mfalme, na ndipo wakubwa wakatambua kwamba binti yao alikuwa ameolewa na mgeni. Amri ikatolewa: anayetaka kuoa ukoo huo lazima katika vizazi vitatu awe na angalau mmoja aliyeshika cheo. Utaona kwamba amri haikudai damu ya Kichina. Ilidai utumishi.

Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na miaka kama kumi na tano baadaye akafika Guangzhou. Aliandika kwamba katika kila mji wa China Waislamu walikuwa na mtaa wao, misikiti yao na kadhi wao. Alikuwa ameshauona mwambao wa Waswahili, ambako wageni wa baharini na wenyeji walikuwa wakioana na kuwa watu wamoja, hivyo sidhani kama alishangaa.

Lamu nako kuna wanaodai babu Mchina

Upande wa pili wa bahari, katika kisiwa cha Pate huko Lamu, familia kadhaa husimulia kwamba zimetokana na mabaharia wa Kichina walionusurika meli yao ilipozama. Mwaka 2005 China ilimpa msichana mmoja wa huko nafasi ya kusomea tiba ya Kichina, ikimtambua kama mzao wa mabaharia hao. Karne sita za kuswali, kuvua na kuozana ziliwafanya Waswahili kamili, na hadithi ya babu wa mbali haikuwazuia hata siku moja.

56 kwa 56

China inatambua rasmi makabila 56. Sensa ya 1953 iliporuhusu watu wajitaje wenyewe, yalijitokeza majina zaidi ya 400. Wataalamu wakatumwa kuchambua, na orodha ikafungwa mwaka 1979 kwa kuwaongeza Wajino wa Yunnan. Sasa sikiliza hili: Katiba ya Uganda ya 1995 nayo iliorodhesha jamii za asili 56, kwa kigezo cha kuwepo ndani ya mipaka ya nchi Februari 1, 1926. Mwaka 2005 orodha hiyo ikapanda hadi 65. Hakuna watu wapya waliohamia. Karatasi ndiyo iliyorefushwa.

Tanzania ilichagua njia tofauti, na baada ya sensa ya 1967 ikaacha kuwauliza watu kabila lao. Kenya nayo ikafungua mlango: Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi Oktoba 2016 kudai uraia, wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Julai 2017 Wakenya wenye asili ya Kihindi wakawa la 44. Kwa hiyo kabila, jambo tunalodhani ni la kale kuliko milima, linaweza kuwa na tarehe kwenye gazeti la serikali.

Vitabu vizuri kuhusu Waafrika wa Guangzhou, vya Bodomo, Gordon Mathews na Shanshan Lan, vimeandikwa kwa Kiingereza, wakati wengi wa waliopita Xiaobei wakitokea kwetu waliishi maisha hayo kwa Kiswahili. Kama una kaka, shangazi au jirani aliyewahi kupanga chumba huko, mketishe, mrekodi, na mwombe akueleze aliitwaje na alijiita nani.